Majibu yako yanakwenda wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usiri katika utafiti wa afya

Maswali haya yameokotwa vibarazani, chini ya miembe na kwenye mikutano ya vijiji. Mengi yaliulizwa na watu walioshika fomu ya ridhaa mkononi huku macho yakiwa kwa mhojaji. Anayeyajibu alianza kama mhojaji wa kaya kwa kaya na sasa anasimamia data za utafiti wa afya Tanzania Bara, ndiyo maana mifano mingi ni ya huko.

Mmesema jina langu halitaandikwa. Kwa hiyo hakuna atakayejua kuwa ni mimi?

Anayekuhakikishia hivyo hajawahi kuishi kijijini. Chukua kitongoji chenye kaya themanini, halafu ripoti iseme: mwanamke, miaka 34, mjane, mwalimu, mama wa mapacha. Jina halipo, lakini mtoto anayepita na sinia la maandazi atakufikisha hadi mlangoni kwake.

Mjini nako si salama kama watu wanavyodhani. Katikati ya miaka ya 1990, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, bima ya watumishi wa serikali iliwapa watafiti kumbukumbu za hospitali zilizoondolewa majina. Latanya Sweeney, wakati huo akiwa mwanafunzi, alinunua daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha tarehe za kuzaliwa, jinsia na namba za posta. Akazipata kumbukumbu za gavana mwenyewe, William Weld. Mji mzima ulikuwa na watu sita tu wenye tarehe ya kuzaliwa kama yake. Watatu kati yao walikuwa wanaume, na ni mmoja tu aliyeishi kwenye eneo lake la posta.

Kwa hiyo mradi makini hauishii kwenye jina. Miaka 34 inageuzwa kuwa "30 hadi 39", kitongoji kinaondolewa na kubaki wilaya, kazi isiyo ya kawaida inaingizwa kwenye kundi kubwa zaidi, na kisanduku cha jedwali chenye watu wawili watatu hakichapishwi. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na malaria unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu una jambo la ziada: kabla data hazijatolewa kwa watafiti, alama ya kila eneo la sampuli husogezwa makusudi kwenye ramani, hadi kilomita 2 mjini na hadi kilomita 5 vijijini. Eneo moja katika kila mia ya vijijini husogezwa hadi kilomita 10. Mchora ramani anaiona wilaya yako, lakini kisima chenu haoni.

Hiyo namba mnayobandika ni ya nini?

Ni jina lako la utafiti. Stika yenye mistari myeusi inabandikwa kwenye fomu na kwenye kichupa cha damu, na kuanzia hapo watu wa maabara na wachambuzi wanakufahamu kwa namba hiyo tu. Mahali pekee ambapo jina na namba vinakutana ni kwenye orodha moja, sisi tunaiita "ufunguo". Inakaa mbali na data, kwenye kabati lenye kufuli au kompyuta nyingine kabisa, na wenye ruhusa ya kuifungua wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mtafiti mkuu mwenyewe mara nyingi hana sababu ya kuiona.

Fomu nyingi hukwepa kusema jambo moja: maadamu ufunguo upo, hujawa mtu asiyejulikana, umefichwa tu. Tunautunza ili tukurudishie majibu ya vipimo au tukutembelee tena baada ya miezi sita. Uliza utateketezwa lini. Mhojaji asipojua, fomu inapaswa kujua. Na fomu nayo ikikaa kimya, una haki ya kutosaini siku hiyo.

Kama ni siri, kwa nini mmekuja na mwenyekiti wa kitongoji?

Kwa sababu wageni wenye vichupa hawaingii kijijini kimyakimya. Habari za mumiani na wanyonya damu zimetutangulia sisi sote, na si za kuchekwa. Oktoba 2016 huko Iringa Mvumi, mkoani Dodoma, watafiti wawili wa udongo na dereva wao waliuawa na watu waliowadhania wanyonya damu. Walifuata udongo, na damu haikuwa hata kazi yao. Barua kutoka wilayani, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, balozi: ngazi hiyo inapandwa kwa usalama wa pande zote.

Lakini kazi ya mwenyekiti inaishia kwenye hodi. Anajua utafiti upo na kaya zipi zimeangukiwa na bahati nasibu. Hapaswi kujua kama ulikubali, ulijibu nini, wala ulipimwa nini. Akivuta kigoda akae, mhojaji aliyefunzwa atamshukuru na kumsindikiza. Mhojaji akiona haya kumwondoa mzee, sema wewe kwamba una chungu jikoni na mtaendelea kesho. Tutaelewa.

Wahojaji wana ujanja wao pia. Mtu akiingia ghafla katikati ya maswali mazito, tunarukia mambo ya nyumba: "Na paa hili mama, ni bati au makuti? Choo mnachangia na jirani?" Mgeni anachoka, anaondoka, tunarudi tulipoishia. Kwa maswali ya ukatili wa kijinsia sharti ni kali zaidi. Katika utafiti wa taifa wa kaya huulizwa mwanamke mmoja tu kwa kila kaya, akiwa peke yake, ili wengine humo ndani wasijue maswali yale yapo. Faragha isipopatikana, sehemu hiyo yote inaachwa.

Mhojaji namfahamu, tumesoma naye. Hatasema?

Amesaini kiapo cha kutunza siri, na akikivunja anapoteza kazi. Lakini kiapo chake hakikuondolei wewe haya ya kumsimulia mtu wa mtaani kwako mambo ya chumbani. Omba mwingine, huhitaji kutoa sababu. Hata yeye hatanuna. Mara nyingi mhojaji ndiye anayewahi asubuhi kusema, "Ile nyumba ya tatu ni kwa shangazi, mpeni mwingine."

Nyumbani hawajui kuwa nimejiunga. Mnaweza kunifichua bila kukusudia?

Tunaweza, na hapa ndipo siri nyingi zinapopotelea. Wadukuzi wa mitandaoni wanaogopwa na kila mtu, lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi hii sijakutana na hata mmoja. Nimekutana na gari, simu na karatasi ya malipo.

Gari kwanza. Land Cruiser jeupe lenye nembo mlangoni likisimama kwenye nyumba tatu kati ya hamsini, jioni kijiji kizima kina orodha. Kama utafiti ni wa kifua kikuu, au wa watu wanaotumia dawa za VVU, gari limeshasema kila kitu kabla hatujabisha hodi. Siku hizi tunaliacha shuleni au kwa mtendaji, tunatembea au kupanda bodaboda, na fulana za mradi zinabaki ofisini. Miradi mingine huingia pia kwenye nyumba zisizohusika, ili kuwavuruga wanaohesabu. Ukitaka tukutane kwingine, kwa fundi cherehani au kwenye foleni ya kliniki ya mtoto, sema tu.

Simu nayo. Siku ya kwanza tunauliza: nani mwingine hupokea simu hii? Akipokea mwingine tunasema tulikuwa tunakuulizia, tutapiga baadaye, basi. Ujumbe wa kukumbusha miadi hautaji kliniki wala ugonjwa. Hata hivyo tuliteleza. Zipo programu zinazoonyesha jina la mpigaji kwa kutumia jina ambalo watu wengine wamemhifadhi nalo, na mfanyakazi wetu mmoja alikuwa amehifadhiwa na marafiki zake, kwa utani, kwa jina lake likifuatiwa na "wa Ukimwi". Mshiriki mmoja alipigiwa akiwa kwenye daladala, jirani yake wa kiti akalisoma jina lile kwenye kioo. Tulinunua laini mpya wiki hiyohiyo, zinazotumika kwa kazi tu.

Halafu karatasi ya malipo, adui yangu wa siku nyingi. Mhasibu anataka majina, namba za simu na saini, mstari kwa mstari kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu mkaguzi naye anataka hivyo. Sasa mshiriki wa kumi na tano anapoinama kusaini ili apewe nauli yake, anasoma majina kumi na manne. Nimebishana na wahasibu juu ya karatasi hii kuliko jambo lolote jingine kazini. Tiba yake ni ndogo: risiti moja kwa kila mtu, yenye namba ya utafiti, na orodha ya majina ibaki kwa mtu mmoja ambaye mkaguzi ataiangalia mbele yake. Ukiletewa karatasi yenye majina ya wenzako usisaini, dai risiti yako. Na kama tunakutumia fedha kwa simu, tuambie kwanza nani mwingine anasoma meseji zako, maana jina la mtumaji hujitokeza.

Kishikwambi mnachoandikia kikiibiwa je?

Mwizi atapata kishikwambi. Dodoso likikamilika, programu hulifunga kwa usimbaji fiche, yaani majibu hugeuzwa yasisomeke bila ufunguo wake. Kifaa kinabeba kufuli, ufunguo wa kulifungua uko ofisini. Hata mhojaji akitaka kurudia kusoma majibu yako baada ya kulifunga hawezi. Jioni data zinapanda kwenye seva na kufutwa kwenye kifaa.

Udhaifu uko kwenye dodoso lililoachwa nusu, ambalo bado halijafungwa, na kwenye nywila iliyoandikwa kwa kalamu nyuma ya kasha. Hiyo ya pili nimeiona mara nyingi, na karibu kila mara ni 1234.

Mmewahi kuvujisha taarifa za watu?

Nimewahi kuwa kwenye timu iliyovujisha. Msimamizi wetu wa uwandani alishindwa kusoma mwandiko kwenye daftari la ufuatiliaji: hii ni 7 au ni 1? Akapiga picha ukurasa mzima, akaurusha kwenye kundi la WhatsApp la kazi: "Jamani nisaidieni hapa." Ukurasa ulikuwa na majina kumi na moja, vijiji vyao, na tarehe za kurudi kliniki. Kundi lilikuwa na watu ishirini na wawili, wakiwemo madereva na kijana aliyekuwa ameacha kazi miezi mitatu nyuma, ambaye hakuna aliyekumbuka kumtoa.

Aliifuta baada ya dakika nne. Lakini simu nyingi hupakua picha zenyewe, na nyingine hupeleka nakala kwenye akaunti ya mtandaoni mwenyewe akiwa amelala. Tulikaa hadi saa tano usiku tukimpigia mmoja mmoja: fungua picha, futa, nenda kwenye pipa la taka, futa tena, nitumie picha ya pipa likiwa tupu. Kesho yake tuliandika taarifa kwa kamati ya maadili, na wale kumi na mmoja walitembelewa kila mtu kwa wakati wake na kuambiwa kilichotokea. Mmoja alijitoa. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ile namba hatimaye ilikuwa 7 au 1.

Ilikuwa 1. Tangu siku hiyo karatasi yoyote yenye jina haipigwi picha. Mwenye swali anapiga simu na kusoma namba ya mshiriki.

Hata mambo makubwa yaliyotikisa dunia yana sura hiyohiyo. Januari 2019 Singapore ilitangaza kuwa taarifa za watu 14,200 wenye VVU zimewekwa mtandaoni. Hakuna ukuta uliobomolewa: zilitoka kupitia mtu wa karibu wa daktari aliyekuwa na ruhusa halali ya kuzifungua.

Damu yangu inakwenda wapi, na inabaki huko?

Inaanza na boksi la barafu hadi maabara, ikiwa na stika ya namba. Ikibaki baada ya kipimo, ama inateketezwa ama inahifadhiwa kwa utafiti wa baadaye, na kuhifadhiwa kunapaswa kuwa na kisanduku chake pekee kwenye fomu. Unaweza kukubali kipimo cha leo na kukataa kuhifadhiwa. Wengi hawajui, kwa sababu msomaji wa fomu huisoma kwa pumzi moja mpaka mwisho.

Ikitakiwa kwenda nje ya nchi, Tanzania inadai mkataba wa kuhamisha sampuli, na data nazo zina mkataba wake, yote ikipitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mikataba hiyo inasema nani anapokea, kwa kazi gani, na nini kifanyike kazi ikiisha. Omba kusomewa hayo matatu.

Vinasaba ni habari nyingine. Jina unaweza kulikata kwa mkasi, lakini vinasaba vyako vina mama yako, wadogo zako na watoto ambao hujawazaa. Utafiti unaosoma vinasaba lazima ukwambie hivyo waziwazi, na ukiona bora ukalale kwanza na kuzungumza na ndugu kabla ya kujibu, nenda kalale.

Majibu yangu ya VVU nani atayaona?

Wewe na mshauri nasaha aliyekupima. Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya 2008 inafanya majibu kuwa siri, na mhudumu anayeyatoa kinyume cha sheria anashtakiwa. Tangu mabadiliko ya 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia kupimwa mwenyewe.

Zamani tafiti za kaya za taifa zilikuwa na usiri wa aina ya kipekee. Tone la damu lilitenganishwa na mtu kiasi kwamba mshiriki mwenyewe hakuweza kupewa majibu yake. Alielekezwa kwenye kituo cha ushauri nasaha akapime upya. Hakuna aliyeweza kuvujisha, lakini mtu mwenye virusi aliachwa hapohapo na kuku wake bila kujua. Utafiti wa matokeo ya VVU wa 2016–2017, na ule wa 2022–2023, ulikuja na utaratibu wa kumpa mtu majibu nyumbani kwake. Mimi naona ni bora hivi, ingawa mzigo wa siri umeongezeka: mshauri yuko ndani ya nyumba yako, na kuta ni za miti na udongo. Ndiyo maana wengine hukaa na mshiriki shambani, mita mia moja kutoka uani.

Sheria inanilinda vipi?

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Kenya ina sheria yake ya 2019 na kamishna wake. Kwa upande wa Tanzania, afya yako, vinasaba, alama za mwili na taarifa za watoto vimo kwenye kundi la taarifa nyeti, ambazo msingi wake ni ridhaa ya maandishi. Unaweza kuuliza wanashikilia nini juu yako, na kudai kilichokosewa kirekebishwe. Juu ya hapo kuna kibali cha maadili, ambacho kwa NIMR hudumu mwaka mmoja na kuombwa upya. Tazama tarehe kwenye barua ya kibali: nimewahi kuona kilichokwisha muda kikitembezwa uwandani kwa miezi miwili bila yeyote kukisoma.

Serikali au polisi wakija kuzitaka taarifa zangu?

Mtafiti mwaminifu hatakuahidi kuwa ataishinda amri ya mahakama. Anachoweza kuahidi ni kutokukusanya asichohitaji. Orodha isiyoandikwa haichukuliki.

Wenzetu wa Kenya walipitia jambo hili. Februari 2015 lilitolewa agizo la rais kuwataka viongozi wa kaunti wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwafikishia huduma. KELIN, shirika la kutetea haki za afya, na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama ikaamua kuwa agizo hilo linavunja katiba. Jina la mtoto wa darasa la tatu kwenye karatasi ya ofisi ya kaunti si takwimu tena.

Mbona mnataka alama za vidole?

Uliza kwanza kama kuna njia nyingine. Huko Kenya utafiti wa makundi yaliyo kwenye hatari zaidi ya VVU ulipopendekeza alama za vidole ili mtu asihesabiwe mara mbili, makundi yenyewe yalikataa, na wazo likaachwa. Nywila hubadilishwa ikivuja. Kidole unacho hichohicho mpaka kufa.

Mnaingiza majibu yetu kwenye programu za akili mnemba?

Hatuna ruhusa ya kubandika dodoso la mtu kwenye programu ya mtandaoni ili lifasiriwe au lifupishwe, kwa sababu maandishi yale yanakuwa yametoka mikononi mwetu na kuingia kwenye seva ya mtu mwingine. Kishawishi kipo, hasa kwa mahojiano marefu ya kurekodiwa. Kama mahojiano yako yamerekodiwa, muulize mhojaji nani atayaandika kutoka kwenye sauti, mtu au mashine, na mashine hiyo iko wapi.

Kuna siri ambayo hamtanitunzia?

Ipo, na tunapaswa kukuambia kabla hujafungua mdomo. Tukiona mtoto anadhulumiwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inatutaka tutoe taarifa. Ukiwa na dalili za kipindupindu, afya ya wilaya lazima ijue. Mtu akisema anakusudia kujidhuru, hatuondoki tukamwacha peke yake. Mengine yote, ukiwemo mtambo wa gongo nyuma ya nyumba, hayatuhusu.

Nikijitoa, mtafuta kila kitu?

Unaweza kujitoa siku yoyote, na huduma zako za zahanati hazitaguswa. Kuhusu kufuta, inategemea tumefika wapi. Ufunguo ukiwepo, tunaitafuta namba yako na kuiondoa pamoja na sampuli. Ukishateketezwa, hatuwezi tena kukutambua kati ya maelfu, hata tukitaka. Na jedwali lililokwisha kuchapishwa halirudi. Ukiwa na wasiwasi, basi, njoo mapema.

Mtoto wangu amehojiwa. Nataka kujua alichosema.

Tunaelewa, mama au baba yeyote angetaka. Lakini kijana tuliyemuahidi usiri mbele yako tukimsaliti, hatasema ukweli kwetu wala kwa muuguzi. Yakijitokeza mambo ya hatari kwa uhai wake utahusishwa, na yeye ataambiwa kwanza.

Wapiga picha wenu wanaweza kunipiga picha?

Kwa ridhaa tofauti tu, yenye karatasi yake. Kusaini fomu ya utafiti si kukubali sura yako itokee kwenye kalenda ya mradi. Hili linavunjwa kirahisi, hasa wageni wa wafadhili wanapotembelea. Mtoto anachekesha, simu inatoka mfukoni, na kabla ya chakula cha mchana picha imeshafika mtandaoni ikiwa na jina la kijiji. Kataa bila kuona aibu.

Nikitaka kulalamika, niende kwa nani?

Kwenye nakala ya fomu uliyoachiwa kuna namba mbili: ya mtafiti mkuu, na ya kamati ya maadili iliyotoa kibali. Piga ya pili. Kamati si mwajiriwa wa mradi, na ina uwezo wa kuusimamisha. Kwa suala la taarifa binafsi unaweza pia kufikisha lalamiko kwenye Tume. Kama hukuachiwa nakala ya fomu, hilo lenyewe ni lalamiko la kwanza. Wengine hawataki kubaki nayo nyumbani, kwa sababu karatasi yenye kichwa cha utafiti wa kifua kikuu chini ya godoro nayo inasomeka. Tunaweza kukutunzia sisi, na wewe ukabaki na namba za simu tu kwenye kipande kisicho na maandishi mengine.

Je, mimi mwenyewe naweza kumwambia jirani kuwa nimeshiriki?

Unaweza. Siri tuliyoapa ni ya kwako, na ukitaka kuisimulia kisimani hakuna wa kukuzuia. Tunaomba tu usimtaje uliyemkuta kwenye benchi.